Jinsi Punda wa Bakari Alivyoingia Katika Ukoo Wangu

Niliposhuka kwenye lori hapa Garissa, kabla hata sijakung'uta vumbi, Kassim muuza nyama alinisalimu kwa mlio wa punda. Nikaitikia salamu, ndipo nikakung'uta vumbi. Habari yangu ilikuwa imenitangulia kwa siku mbili, tena njiani ilikuwa imenenepa. Wapo waliosikia kwamba Wataliani walinifunga. Wapo waliosikia kwamba nimeoa mke wa pili Kismayu, na hao nawaomba kwa hisani yao wanyamaze kabla Dahabo hajawasikia.

Tangu siku hiyo kila anayeingia dukani kwangu ana nguo mkononi na swali mdomoni, na nguo ni kisingizio tu. Shaibu kinyozi ameleta kanzu ileile mara tatu. Nimechoka kusimulia huku mguu uko kwenye cherehani. Haya basi, nimeandika. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na Bakari asomewe mara mbili, maana punda ni wake.

Garissa hadi Hagadera

Mnajua nyote kilichonipeleka. Sahara, mdogo wake mke wangu, anakaa kwetu na alikuwa amechumbiwa. Kwa watu wao bibi harusi hatoki kwao bila kaharabu ya mama yake shingoni, zile shanga kubwa za rangi ya asali, na kaharabu ilikuwa Kismayu kwa mama mkwe wangu, Faduma, ambaye magoti yake hayapandi lori tena. Dahabo alinikalisha chini akaniambia wazi. "Athman, usiporudi nayo, mdogo wangu ataingia nyumba ya watu shingo tupu. Watamkumbusha kila siku mpaka azeeke."

Nilikuwa sijawahi kumwona mama mkwe, wala yeye kuniona. Na hata ningefika, nisingemwona, kwa sababu kwa heshima ya ukwe yeye hukaa nyuma ya mkeka na mkwe hukaa upande wa pili, mkasikilizana tu.

Nina aibu moja ambayo lazima niitaje hapa, bila hiyo hamtaelewa lolote. Siku ya ndoa yetu wazee wa Dahabo waliniomba niwahesabie mababu zangu. Msomali mdogo wa miaka sita atakutajia babu mpaka umwombe apumzike. Mimi mtu wa Lamu nilianza vizuri: Athman bin Omari, bin Shee, bin Kombo, bin Mbwana. Nikasimama hapo. Wakangoja. Mzee mmoja akanihurumia akaniuliza, "Halafu?" Nikasema halafu sijui. Wanne tu. Mpaka leo shemeji zangu wakitaka kunitania huninyooshea vidole vinne bila kusema neno.

Siku ya kuondoka, Dahabo alinipa tende, nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa kwa samli, kwenye kopo, na onyo. "Ugenini watakuuliza habari. Mtaje marehemu baba yangu, watajua una watu. Halafu funga mdomo." Nilimwahidi. Mdomo nilikuja kuufunga Kismayu, umechelewa.

Kwenye lori, juu ya magunia, nilikaa na mtu aliyejiita Nur. Alikuwa mcheshi, ana sauti nzuri, Kiswahili chake kila p huwa b, na koti lake la kahawia lilikuwa na vifungo vinne, kila kimoja cha aina yake. Jicho la fundi liliona kwamba vile vifungo vimetoka kwenye makoti manne. Halikujiuliza wenye makoti hayo walikuwa wapi.

Tulipofika Hagadera, kwenye pori la miiba, dereva alisimama na mama mmoja akatupikia chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Hapo ndipo Nur alipoanza kutoa habari yake. Ninyi mnajua desturi: huku watu wakikutana njiani, salamu haijatimia mpaka kila mmoja ametoa habari yote, mvua imenyesha wapi, nani amekufa, unatoka wapi, unakwenda kwa nani na kwa nini. Kumnyima mtu habari ni kama kumnyima maji. Nur alitoa yake ndefu, nzuri, yenye mvua na harusi ndani. Kisha akanigeukia.

"Ndugu, mimi nimetoa yangu yote. Sasa wewe toa yako. Bole bole, usiache kitu."

Nikamwambia nakwenda Kismayu.

"Kwa nani?"

"Kwa mama mkwe wangu, Faduma. Nakwenda kuchukua kaharabu ya harusi."

"Mashallah! Nyumba yake iko wabi?"

"Nyuma ya kisima cha msikiti mdogo. Mlango wa kijani."

"Na yeye anakujua sura?"

"Hajaniona hata siku moja."

"Alhamdulillahi," akasema Nur, kwa moyo kabisa. Nilidhani anamshukuru Mungu kwa ajili ya heshima iliyoko baina yangu na mama mkwe.

Kisha akaniuliza mababu. Abiria wote walikuwa wamenyamaza na vikombe mikononi wakinitazama, na mimi nikakumbuka vile vidole vinne. Shetani akanigusa. Nilipofika kwa Mbwana sikusimama. Nikavuta pumzi nikaendelea: bin Kassim, bin Bakari, bin Shaibu. Nilipowamaliza ninyi jamaa zangu bado nilikuwa na pumzi, na mtu pekee aliyebaki kichwani mwangu alikuwa punda wa Bakari. Nikasema, "Bin Sultani."

"Sultani," akarudia Nur polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni. Abiria wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilijisikia raha mpaka jioni.

Liboi, kwa mkaguzi wa ndimi

Pale Liboi, karibu na visima, lori lilisimama kungojea ruhusa ya kuvuka mpaka, kuingia upande wa Wataliani. Akaja mtu mwenye kofia ya kaki na fimbo kwapani. Akatutazama mmoja mmoja, akasimama mbele yangu.

"Wewe mgeni. Toa ulimi."

Nikatoa.

"Ndefu kidogo," akasema, akitikisa kichwa. "Upande ile Mtaliani anaogoba homa. Mimi nitaandika wewe ni mzima, lakini karatasi inataka sukari."

Sikuwahi kusikia karatasi inayotaka sukari, lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu ulimi nje, na mtu katika hali hiyo habishani. Nikampa ile pakiti niliyokuwa nampelekea mama mkwe. Akaniambia nirudishe ulimi ndani, akaondoka.

Tulipokwisha kuvuka, dereva alicheka mpaka akasimamisha lori. "Ndugu yangu, yule ni mchota maji ya ngamia. Kofia aliokota. Kila lori anatafuta mjinga mmoja." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema alitaka kwanza kuona kama nitatoa ulimi.

Nur alinipiga bega kwa huruma. "Dunia imeharibika," akasema. "Ukiwa ugenini, usiamini mtu."

Nilimshukuru kwa ushauri.

Porini, springi ilipokatika

Kabla ya kufika Afmadow springi ya nyuma ilikatika kwa mlio mkubwa, na lori likainama upande mmoja. Dereva aliingia chini, akatoka, akanawa mikono kwa mchanga, akasema tutakaa. Tukakaa siku kumi. Wafugaji waliokuwa karibu walituletea maziwa asubuhi na jioni bila kuombwa, wakachukua habari zetu, wakaenda zao. Nyirinyiri ya Dahabo niliigawa yote, na nilionekana mtu mkubwa kwa muda ilipokuwapo.

Jua la pale halina adabu. Nur hakuwa na kitu kichwani, basi nikamvua... samahani, nikajivua kofia yangu ya Lamu, ile iliyotariziwa viua, nikampa, mimi nikajifunga kilemba kwa shuka. Vifungo vya koti lake vilikuwa vinalegea, nikavikaza vyote vinne kwa uzi wangu. Hebu nifikirieni: mwizi anataka kujifanya mimi, na mimi nimekaa chini ya mgunga namvalisha.

Siku ya pili likapita lori la ngozi linaloelekea Kismayu, lenye nafasi ya mtu mmoja. Nur akasimama kabla sijajikunjua.

"Ndugu Athman, wacha mimi nitangulie. Nitamwambia mama yako umekwama, asiogobe."

Nikamkumbatia. Nikamrudia maelezo, nyuma ya kisima, mlango wa kijani, na nikamwita ili nimwambie kwamba Dahabo alinionya mbwa wa jirani ni mkali. Akapanda juu ya ngozi, akanipungia mkono kwa kofia yangu. Nilibaki nikimsifu kwa dereva mpaka dereva akaomba tuzungumze jambo jingine.

Kismayu, juu ya paa

Niliingia Kismayu asubuhi nina njaa, nikaona kwanza nile, nisifike kwa wakwe nikiwa na macho ya chakula. Kwenye hoteli waliniletea sahani ya tambi. Kwetu Lamu tambi ni tamu, basi nikaomba sukari. Mwenye hoteli akauliza mara mbili kama nimesema sukari. Nikasisitiza, nikanyunyiza ya kutosha, ndipo nikagundua chini kuna mchuzi wa nyama na pilipili. Watu walikuwa wakinitazama, na Mtaliani mmoja kwenye kona alikuwa ameshika kichwa. Nikala yote kwa kiburi.

Kisima nilikiona, na mlango wa kijani nikauona. Mbele ya mlango alikaa mzee mwembamba mwenye ndevu nyekundu za hina. Baadaye nilimjua kwamba ni Adeer Gedi, yaani Ami Gedi, shemeji yake Faduma, ndugu wa marehemu baba mkwe.

"Warya, unatafuta nani?"

"Natafuta nyumba ya Mama Faduma. Mimi ni mkwe wake, mume wa Dahabo."

Mzee hakushangaa. Alinyoosha fimbo yake juu. "Mkwe yake iko kule. Anaezeka."

Nikatazama. Nur alikuwa juu ya paa, makuti mkononi, jasho linamtiririka, kofia yangu kichwani. Aliniona nami nikamwona. Nilitaka kumsalimu, Mungu ni shahidi. Bado nilidhani anawasaidia wakwe zangu kwa wema.

"Adeer Gedi!" akapiga kelele. "Huyu ndio ile mwizi nilisema atakuja! Alikuwa na mimi kwa lori, ameiba habari yangu yote! Shika yeye!"

Pale pale niliona kila kitu kwa mpangilio, kuanzia chai ya Hagadera hadi mbwa wa jirani. Nikaona pia shingo tupu ya Sahara, na Dahabo akinitazama nikishuka kwenye lori mikono mitupu. Niliona aibu kiasi cha kutaka kulia, na nasema hivyo bila kuficha.

Adeer Gedi alinishika mkono akaniketisha mbele ya mlango. Ndani ulikuwa umetundikwa mkeka, na nyuma ya mkeka ikatoka sauti ya mwanamke mzee, ya taratibu. Alisema Kisomali, nami nakiandika kwa lugha yetu.

"Wamekuwa wawili," alisema Faduma. "Haya. Kila mmoja anihesabie mababu. Aanze wa juu."

Nur hakungoja. Akasimama wima juu ya paa, akaweka mkono kifuani, akasoma bila kukwama: Athman bin Omari, bin Shee, bin Kombo, bin Mbwana, bin Kassim, bin Bakari, bin Shaibu, bin Sultani. Alimtaja Sultani kwa sauti nzito zaidi, kwa kuwa ndiye mwanzilishi.

"Na wa chini," ikasema sauti.

Hapa, jamaa zangu, ningekuwa na akili ningesema ukweli. Lakini fikirini: mwizi amesimama juu ya paa na mababu wanane, tena wangu, mimi nimekaa mavumbini, na mama wa mke wangu ananisikia kwa mara ya kwanza maishani. Nikaona nikisema wanne nimekwisha. Nikasema wanane. Nikasema kwa hasira, haraka kuliko yeye, na Sultani nikampigia kelele.

Adeer Gedi alijikuna ndevu.

"Gedi," ikasema sauti, "wote wawili ni waongo. Wapeleke kwa askari."

Mzee alikuwa ameshanishika kola. Nikapiga magoti, na kiburi chote, cha Hagadera na cha tambi, kikanitoka.

"Mama, naomba unisikilize. Ni wanne. Omari, Shee, Kombo na Mbwana, na baada ya Mbwana sijui mtu. Siku ya ndoa niliwaambia wazee hivyo hivyo. Kassim anauza nyama. Bakari anachota maji. Shaibu ni kinyozi, yuko hai na anadai nimchekeshe kila siku. Na Sultani, Mama, Sultani ni punda wa Bakari."

Mkeka ukaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kisha nikasikia kicheko, kidogo kidogo kwanza, halafu kikamshinda kabisa, mpaka akaomba maji.

"Punda!" alisema. "Gedi, umesikia? Amesimama juu ya nyumba yangu, mkono kifuani, akijisifu kwa punda!" Alipopata pumzi akaendelea. "Dahabo alipoolewa kule Garissa, Gedi alipokea habari kwa wasafiri kisimani akaniletea: binti yako ameolewa na fundi, mpole, anaswali, lakini ana mababu wanne tu na baada ya hapo husimama. Nililia siku mbili. Halafu nikasema, kumbe angeweza kudanganya, na hakudanganya. Alipofika huyu wa juu akanimwagia wanane, nikajua si mkwe wangu. Nikamwambia kaharabu iko kwa dada yangu, itakuja, angoje. Na paa langu linavuja."

Kwa hiyo kwa siku zote zile Nur alikuwa amechimba choo, amejenga upya ua wa miiba, amebeba maji kutoka kisimani, na sasa alikuwa anamalizia paa, akiamini kila siku kwamba dada yake Faduma yuko njiani. Faduma hana dada.

"Na wewe," akaniambia, "ungekawia kidogo tu kusema kweli, ningekutafutia kazi ya kisima."

Nur alitazama huku na huku kutafuta ngazi. Adeer Gedi alikuwa ameiondoa zamani, ameilaza chini, ameikalia. "Maliza kona ile," alimwambia kwa upole. Akamaliza, na kusema kweli aliezeka vizuri.

Hawakumpeleka kwa askari. Walimpa chakula, wakachukua kofia yangu, kisha Adeer Gedi akaenda naye mpaka kisimani, mahali misafara inaponywesha, na akatoa habari. Aliitoa yote kwa kila msafiri, bole bole, bila kuacha kitu: sura ya Nur, vifungo vinne, nyumba ya mlango wa kijani, punda. Nur alisimama pembeni akisikiliza. Nilimwona uso ukimshuka, kwa sababu alijua ile habari itafika kila kisima kabla yake.

Kurudi

Faduma alinipitishia kaharabu chini ya mkeka, imefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Niliona vidole vyake tu. Akaniuliza nitaibebaje, nikamwambia mimi ni fundi. Nikalifumua bega la koti langu, nikazipanga punje moja moja ndani ya pamba, nikashona tena. Nilisafiri njia nzima bega moja liko juu kuliko jingine.

Sikuwa na haja. Afmadow watu walinitambua kabla sijashuka. "Huyu ni mkwe wa Faduma, wa mababu wanne!" Wakaniletea maziwa, na kila mtu alitaka kusikia tena habari ya Sultani kutoka kinywani mwangu. Nani angethubutu kuniibia? Njia nzima ilijua mimi ni wa nani, nabeba nini, na napeleka kwa nani. Pale Liboi mkaguzi wa ndimi alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akanirudishia pakiti ya sukari. Ndani ilikuwa imebaki ya kikombe kimoja. "Nyingine homa imekula," akasema. Tukainywa pamoja.

Basi hiyo ndiyo habari. Kassim, Bakari na Shaibu, nawatoa rasmi katika ukoo wangu. Mlikuwa mababu wabaya. Sultani namwombea afya njema.

Lililobaki ni dogo. Jioni niliyofika nilifumua bega la koti, na Dahabo akamvisha Sahara kaharabu hapo hapo, ili aone kama inamkaa. Ilimkaa. Dahabo alikuwa bado ameshika kifundo cha uzi nyuma ya shingo ya mdogo wake aliponiuliza bila kugeuka kama mama yake alituma salamu.

"Alituma," nikasema. "Alisema mume wako ana mababu wanne tu."

Mikono yake ikasimama. Aliyajua maneno hayo tangu siku ya harusi yetu.

"Na alisema nikwambie," nikamalizia, "wote wanne sasa ni babu zake pia."